Albamu ya Pili: Bibi Hayumo

Dobini, 3 Februari

Kwa mjukuu wangu, aliyekuwa mume wangu kabla sijamtaliki,

Salamu nakupa kwa sababu nililelewa, si kwa sababu unazistahili. Mimi mzima. Mama yako mzima, ila goti linamsumbua, na bado anasimama kutwa nzima pale dirishani posta akiuza stempu ambazo hakuna anayezinunua. Nimemwambia sasa amepata mteja. Mashine kubwa ya kufulia imeanza kutembea ikizungusha. Juzi imesafiri kutoka ukutani mpaka mlangoni na shuka za watu tumboni. Fundi alikuja, akaitazama, akaipigapiga ubavuni kama ng'ombe wa mnadani, akaondoka. Ndiyo matengenezo ya siku hizi.

Unajua kwa nini nakuandikia na sikupigii, lakini nitakukumbusha, maana kusahau kwako ni kipaji. Mwaka juzi nilikupigia simu wiki mbili hupokei. Nikakuachia ujumbe wa sauti: "We mtoto, umekufa? Kama umekufa sema, nijue." Mjukuu wa mtu mwingine angepiga akaomba radhi. Wewe ukauchukua ujumbe wangu, ukaupeleka kwa bendi yako, mkaubandika mwanzoni mwa wimbo, mkaupigia magitaa yenu ya roki, na albamu yenu ya kwanza ikaenea mjini kama upele. Hukuniuliza. Niligundua siku niliyojisikia nikifoka kutoka kwenye simu ya mteja aliyekuja kuchukua suruali. Tangu hapo mimi na simu basi. Karatasi huwezi kuiunganisha na spika.

Wiki iliyopita kijana kaniletea furushi la nguo. Ndani yake fulana nyeusi, na kifuani maandishi meupe makubwa: KAMA UMEKUFA SEMA. Nimeiloweka, nimeifua, nimeianika, nikaigeuza nje ndani nikaipiga pasi ili maandishi yasibabuke, maana kazi ni kazi. Hebu fikiria. Mtu mzima nimesimama napiga pasi maneno yangu mwenyewe. Alipokuja kuichukua akaniomba nimfokee kidogo achukue video. Nilimfokea, ila video hakuipata.

Sasa mama yako ananiambia mnatengeneza albamu ya pili, safari hii chini ya kampuni. Nawatakia heri, hata yule mpiga ngoma wenu aliyenimalizia mkate siku ile na kupangusa midomo kwa shuka la mteja. Lakini sikia. Humo ndani mimi sitaki kuwemo. Hata kukohoa kwangu sitaki kukusikia. Ukishasoma hapa, andika "nimeelewa" na usiongeze maua.

Ni mimi bibi yako, mwenye sauti.


Studio, 18 Februari

Shikamoo Bibi,

Talaka nimeipokea lakini sijaisaini. Mpe mama pole ya goti, mwambie apate kiti hata kama wakubwa wake watanuna. Mashine ikitembea tena, weka kipande cha mpira chini ya miguu yake. Gogo ndiye amesema, na Gogo alikuwa fundi matairi kabla sijamharibu.

Nimeelewa.

Sasa naomba niongeze maua kidogo. Hapa tulipo, Bibi, ungecheka. Kuta zimevishwa mazulia, kila mlango ni mzito kama wa benki, na fundi mitambo anafanya kazi amevaa ndara. Albamu ya kwanza tuliifanya wenyewe kwa maikrofoni ya kuazima. Tukitaka mwangwi, tulikuwa tunaimbia chooni. Huku kuna kitufe cha mwangwi. Gogo ngoma zake zimewekwa kwenye chumba cha kioo, anaonekana kama samaki. Besi, yule dada mpiga besi asiyecheka, ameacha kufundisha shule ili awe hapa. Gogo naye kaacha matairi. Mimi sikuwa na kitu cha kuacha, unanijua.

Tuna nyimbo tisa. Tunazipenda. Meneja wa kampuni alizisikiliza zote macho yamefumbwa, tukadhani amezama. Alipoyafumbua akauliza, "Bibi yuko wapi?" Anasema watu hawakuinunua bendi, walimnunua Bibi. Anataka uwemo kwenye nyimbo tatu, la sivyo albamu haitoki. Yuko tayari kutuma gari na kinasa sauti mpaka dukani kwako. Utafoka dakika chache tu, wewe ambaye hufoka bure kutwa nzima.

Ulikuwa utani, Bibi. Watu wanakupenda. Kwa nini unakuuma hivi?

Mjukuu wako, mume wako mpaka mahakama iseme vingine.


Dobini, 4 Machi

Mjukuu wangu,

Hatujambo. Mpira nimeuweka, mashine imetulia. Mshukuru Gogo, lakini mwambie shuka lile halijatoka doa mpaka leo.

Gari la Meneja likija hapa litafuliwa na kurudishwa.

Umesema hufoka bure. Ndiyo, bure, na kwa nimtakaye. Nimefoka maisha yangu yote kwa hiari yangu. Sitaanza uzeeni kufoka kwa ajira. Watu wamekuwa wakinijia hapa na simu zao wameziinua kama wanapima nyumba, hata soksi hawajaleta. Nimemwita mchora vibao, sasa juu ya mlango pameandikwa HAPA TUNAFUA, HATUFOKI. Basi wanakipiga picha kibao. Mtu akikosa kazi hata ukuta utamchekesha.

Unauliza kwa nini inaniuma. Sababu ninazo, na nyingine siziandiki. Mama yako naye ananiuliza kwa nini siendi tena mazishini, mimi ambaye nilikuwa sikosi hata msiba wa jirani wa jirani. Yeye pia sijamjibu. Kila mtu na mfuko wake.

Na wewe nyumbani hujakanyaga tangu albamu ya kwanza. Unaniandikia kama mtu anayeishi sayari nyingine, kumbe ni siku moja tu ya basi.

Bibi yako.


Studio, 27 Machi

Shikamoo Bibi,

Huku wazima. Besi alipata mafua, akapiga besi na leso puani, na kusema kweli wimbo ule ndio mzuri kuliko yote. Gogo anaomba umsamehe lile doa. Nitakuja nyumbani tukimaliza. Kwa sasa kila siku hapa ina mwenyewe.

Habari njema ni kwamba usumbufu umekwisha. Meneja hatakutumia gari, wala hutaombwa kufungua mdomo. Tumepata njia nyingine, kwa hiyo kaa na amani yako, futa na kile kibao ukitaka. Msalimie mama.

Mjukuu wako.


Dobini, 6 Aprili

Mjukuu wangu,

Sisi wazima, tumshukuru Mungu.

Njia gani?

Bibi yako.


Studio, 20 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nafanya salamu fupi kwa sababu nikizirefusha utajua naogopa. Naogopa.

Kampuni ina mashine. Kwa kweli ni programu ya kompyuta. Unaisikilizisha sauti ya mtu, inaisoma, halafu unaiandikia maneno yoyote unayotaka nayo inayasema kwa sauti ya mtu yule yule. Meneja aliniomba jumbe zako zote za zamani zilizobaki kwenye simu yangu. Nikampa. Ile ya kuuliza kama nimekula, ile ya kumsema fundi bomba, ile uliyonipigia kwa bahati mbaya ukiwa unabishana na mteja juu ya soksi.

Mwanzo ulikuwa mchezo. Gogo aliiandikia, "Gogo ndiye mpiga ngoma bora duniani," ukasema, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Halafu Meneja akaandika yake, ya wimbo wa mwisho. Gitaa linashuka, ngoma zinaacha, unasikika wewe peke yako: "Mjukuu wangu, najivunia wewe. Nimekuwa nikijivunia siku zote."

Hakuna aliyecheka. Ni wewe, Bibi. Hata ile pumzi unayoivuta kabla ya kuanza kusema, imo. Besi akainuka akatoka nje. Mimi nikaomba irudiwe. Ikarudiwa, nikaomba tena. Umri huu nilionao sijawahi kukusikia ukiniambia hivyo. Nilijua ni uongo na bado nilitaka irudiwe.

Meneja anasema "ndiyo" yako haihitajiki, yangu inatosha, kwa kuwa jumbe zilitumwa kwangu. Mara ya kwanza sikukuuliza. Safari hii nimemwambia siwezi kukubali mpaka nikuulize. Ukikataa, albamu hatuna, na wenzangu wameshaacha kazi zao. Ukikubali, huna la kufanya; wimbo ni mzuri, Bibi, watu watalia.

Nakuuliza. Niseme ndiyo?

Mjukuu wako.


Studio, 29 Mei

Shikamoo Bibi,

Sijapata barua yako. Nilimpigia mama nikidhani unaumwa, akasema huumwi, unapiga pasi, na ukipiga pasi siku hizi meza inalia. Nilimuuliza kama umesema lolote. Akasema umesema sabuni imepanda bei.

Meneja amenikasirikia. Nimemwambia bado nasubiri. Hata tusi nitalipokea, Bibi, mradi uandike.

Mjukuu wako.


Dobini, 15 Juni

Mjukuu wangu,

Sisi wazima, na sabuni imepanda bei kweli.

Barua yako nimekaa nayo. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekasirika, na mimi kazi nikiianza napenda niimalize. Leo nimeimaliza, kwa hiyo kaa kitako.

Mwezi wa kumi na moja tulimzika rafiki yangu, muuza vifungo. Duka lake na langu yamegawanywa na ukuta mmoja. Kila asubuhi nilikuwa nagonga ukuta, naye anagonga, tunajua wote tumeamka. Siku hiyo niligonga, hakugonga. Basi tukaenda kumzika. Nilisimama kando ya kaburi na binti yake, nimemshika mkono. Jeneza linashuka, watu kimya. Nyuma yetu kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kama umekufa sema." Wakacheka. Walicheka puani tu, lakini kaburini cheko dogo halifichiki. Binti yake akageuka. Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, kwa sababu sauti ni yangu. Akautoa mkono wake kwenye wangu.

Ndiyo maana siendi mazishini. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na furaha yako, na kwa sababu niliogopa utaufanya wimbo.

Sasa tuje kwenye mashine. Maneno ya kufoka niliyasema mimi. Yakinirudi nitayabeba, mdomo ulioyatoa ninao. Hayo mengine sikuyasema. Hapo mnanilisha maneno, na mimi mtu mzima nina meno yangu, nakula mwenyewe. Najua ninachokisema na najua ninachokinyamazia, na vyote viwili ni mali yangu. Unadhani nimekaa kimya miaka yote hii kwa kusahau? Hicho alichokuvisha Meneja ni kilemba cha ukoka, na wewe, mtoto niliyekufundisha kupiga kola pasi kabla hujajua kuandika jina lako, ukainamisha kichwa uvishwe vizuri.

Umeniuliza. Hilo la kuuliza nimeliona, sikulipita. Jibu ni hapana. Hapana kwa Meneja, hapana kwa mashine yake, na hapana kwako hata uje na sura ya njaa. Ukisema ndiyo, basi huyo bibi wa umeme ndiye bibi yako, kaeni naye, mfuliane.

Na usinililie habari ya Gogo na Besi na kazi walizoacha. Mikono wanayo. Kabla ya kampuni mlikuwa mnapiga. Hiyo albamu ya kwanza mliirekodia wapi, ikulu?

Bibi yako, asiyesema anacholishwa.


Gereji ya matairi, 8 Julai

Shikamoo Bibi,

Anwani umeiona. Tulia, nitaeleza.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza. Halafu nikawasomea Gogo na Besi, lakini habari ya mazishi niliiruka. Hiyo umeniambia mimi. Sijui niandike nini juu yake. Nimeandika sentensi tano nikazichana zote, zilikuwa zinaanza kufanana na nyimbo. Pole, Bibi. Basi.

Kesho yake wakubwa wa kampuni walikuja kusikiliza. Walikaa kwenye makochi, wakaletewa maji. Kabla wimbo wa mwisho haujaanza nikasema ule hautoki, mwenye sauti amekataa. Meneja akacheka, akaniambia nisiwe mtoto. Nikasema tena. Akawageukia wakubwa akasema, "Bila Bibi, hawa ni vijana watatu wenye kelele." Besi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akasema, "Ndiyo. Ndivyo tulivyokuja." Akachomoa waya wake akaanza kuukunja. Besi akikunja waya hakuna wa kumkunjua.

Tumeondoka, Bibi. Nyimbo zinabaki zetu, ila kila kilichorekodiwa kule ni chao, pamoja na ile sauti ya mashine. Niliomba ifutwe mbele yangu. Meneja akasema ataona. Sikumpenda alivyosema.

Sasa tunarekodi upya hapa gerejini, Jumapili pakiwa pamefungwa. Matairi yamepangwa mpaka darini na yanameza sauti kuliko mazulia yote ya kampuni. Tunapiga wote kwa pamoja, watatu, mara moja. Akikosea mmoja tumekosea wote na kosa linabaki. Nyimbo zimekuwa kali zaidi. Kule walitupangusa, hapa tunatoa jasho. Kwenye wimbo wa mwisho, pale mashine ilipokuwa isemee, hatukuweka kitu. Tunaacha kupiga, kimya, halafu tunarudi kwa nguvu.

Jumamosi tuliupiga mbele ya watu. Tulipofika kwenye kile kimya ukumbi mzima ukapiga kelele, "Kama umekufa sema." Nilitaka kuwaambia habari ya kaburini. Kinywa kilishafunguka. Nikakumbuka sijakuomba ruhusa, nikakifunga. Tulisimama tu, mikono chini, tukawatazama. Wakarudia, wakarudia, mpaka wakaona haya wenyewe. Walipomaliza ndipo tukaendelea, na Gogo akaipasua ngoma.

Mjukuu wako, mwenye kelele.


Dobini, 30 Agosti

Mjukuu wangu,

Hatujambo, ukiacha kwamba nimekuwa malaika bila kufa.

Wameutoa ule wimbo. Kampuni wameutoa na sauti ya mashine ndani yake, na jina la bendi yenu juu yake. Najua si wewe. Mama yako ameniambia mlivyogombana nao. Lakini hapa dukani wiki ile sikupata nafasi ya kufanya kazi. Mwalimu wa hesabu, mteja wangu wa siku nyingi, mtu mkavu kama chaki, kanikumbatia na mashati yake mkononi, ati nimemliza. Nikamwambia sikusema kitu. Akasema, "Unyenyekevu wako huo, Bibi." Nikafoka kweli kweli. Wakapiga makofi.

Hayo yote ningeyameza. Kilichonitoa ndani ni mama yako. Alirudi kutoka posta macho mekundu, akasimama mlangoni na mkoba begani, akaniuliza, "Mama, mbona mimi hukuniambia hivyo?"

Umeelewa? Uongo wao umemfikia mtu aliyekuwa akisubiri ukweli.

Basi nilivaa gauni langu la kijani, nikaenda kituo cha redio. Mlinzi akasema sina miadi. Nikamwambia kola yake imepigwa pasi na mtu asiyempenda, avue nimwonyeshe. Alipokuwa bado anajitazama kifuani, mimi nilishapita. Mtangazaji aliposikia ni nani yuko nje akaniingiza hewani papo hapo, akanisogezea kiti. Nikasema sikai, naongea nikiwa nimesimama.

Nikaongea. Nikawaambia mimi ndiye bibi, na maneno yale sikuyasema mimi, yamesemwa na mashine. Nikawaambia waliolia walie tena, safari hii kwa kudanganywa. Nikasema mjukuu wangu aliniuliza, nikamkatalia, akakubali, akaacha kila kitu akaondoka na wenzake. Waliobaki ndio walioiba. Mtangazaji akaona amepata pa kunishika. Akaniuliza, "Kwa hiyo Bibi, humjivunii mjukuu wako?" Nikamjibu, "Hilo ni swali lake, si lako. Na yeye hajawahi kuniuliza." Akacheka, akaniomba angalau nimalizie na ile ya kama umekufa sema. Nikamwambia ile niliisema mara moja, kwa mtu mmoja, siku niliyokuwa na hofu kwamba kweli amekufa. Nikatoka. Mlinzi alikuwa ameshafunga vifungo vyote.

Mama yako nilimwambia jambo lake, jikoni, mlango umefungwa. Halikuhusu.

Bibi yako, mzima, mwenye hasira.


Gereji ya matairi, 14 Septemba

Shikamoo Bibi,

Nilikusikia. Fundi mmoja hapa huwa na redio juu ya mashine ya upepo. Nilikuwa chini ya meza nafunga nyaya, nikasikia pumzi ile unayoivuta kabla ya kuanza kusema. Nilijigonga kichwa. Gogo akazima kila kitu, hata feni. Tulisikiliza tukiwa tumekaa juu ya matairi, na Besi, naapa, alicheka. Ni pale uliposema hukai.

Kampuni imeuondoa wimbo kimya kimya. Meneja amenipigia mara nyingi, sikupokea. Watu mitaani wananipa pole, wanasema bibi yako kakuaibisha mbele ya nchi nzima, kasema hakujivunii. Nawaambia hamkusikiliza vizuri. Miezi kadhaa nilikuwa na mashine iliyonipa nilichotaka kila nikibonyeza, na haikunifanya nijisikie kama nilivyojisikia siku ile wewe ukikataa kumjibu yule mtangazaji.

Albamu imetoka. Tumeitoa wenyewe, kama ile ya kwanza. Diski ipo ndani ya bahasha hii, mama ataipokea kwa mikono yake mwenyewe posta. Haiendi kama ya kwanza. Wengi wanauliza Bibi yuko wapi, wanaizima. Wanaobaki wanaisikiliza mpaka mwisho. Gogo amerudi kwenye matairi siku za kazi, Besi amepata shule nyingine, na mimi nabeba mizigo sokoni asubuhi. Hakuna aliyejuta. Nimewauliza mmoja mmoja.

Na kwa kuwa nimeshajua kuuliza, nakuuliza na wewe. Umesema kweli, sijawahi. Nilikimbilia kuiuliza kompyuta. Bibi, unanijivunia?

Mjukuu wako.


Dobini, 26 Septemba

Mjukuu wangu,

Sisi wazima. Mama yako goti bado, lakini anaimba akiwa jikoni, na anaimba vibaya.

Diski nimeisikiliza yote, nikairudia. Wimbo wa pili ni mrefu, mngeukata miguu. Wa tano siuelewi na sitaki kuelezwa. Gogo anapiga kama mtu aliyefungiwa ndani anataka kutoka. Kile kimya cha mwisho kilinishtua, nikadhani umeme umekatika, halafu mkarudi, nikamwaga maji ya pasi. Nimetafuta kila mahali, simo. Wateja wakiniuliza Bibi yuko wapi humo, nawaambia yuko kazini kwake.

Swali lako nimelisoma. Swali kama hilo halijibiwi kwa stempu. Njoo uniulize ukiwa umesimama mbele yangu, na ujiandae kwa jibu lolote litakalotoka, maana litakuwa langu.

Uje na hao wawili. Waje na nguo zao chafu zote, nimeziona kwenye picha ya albamu na sikulala vizuri. Watalipa kama mteja yeyote, kama mama yako anavyolipa. Wewe hutalipa.

Bibi yako.